HOTUBA YA IJUMAA: VIJANA WETU NA NDUGU WALIOWAPATA KATIKA TELEFONI

(Tafadhali usisome karatasi hii wakati imamu yuko juu ya mimbari. Isome nyumbani, kisha mpe jirani yako.)

Bismillahi Rahmani Rahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Muumba wa mbingu na ardhi, aliyetuumba kwa nafsi moja akatufanya mataifa na makabila ili tujuane. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, masahaba wake na wote waliowafuata kwa wema mpaka Siku ya Malipo. Amma baad.

Ndugu zangu Waislamu, mama zetu na dada zetu, nawausia ninyi pamoja na nafsi yangu kumcha Mwenyezi Mungu, kwa siri na kwa dhahiri.

HOTUBA YA KWANZA

Leo nataka tuzungumze jambo ambalo wazee wengi wa msikiti huu wanaliona kuwa ni mchezo wa watoto. Ni makundi ya washabiki ndani ya telefoni. Kijana wa Kindu anapenda ekipe fulani ya Uhispania au ya Uingereza. Anaingizwa katika kundi la wapenzi wa ekipe hiyo. Humo mna watu wa Bukavu, Lubumbashi, Kigoma, Bujumbura, Nairobi, hata Wakongomani walioko Ubelgiji na Kanada. Wanaandikiana Kiswahili asubuhi na usiku. Wanaitana ndugu. Wengi wao hawajaonana uso kwa uso hata siku moja.

Sisi wazee tukiwaona wameinamisha vichwa juu ya telefoni, tunasema: vijana hawa wamepotea. Mimi mwenyewe nimesema hivyo hapa juu ya mimbari. Leo nataka kuwaeleza kosa langu kwanza, kisha ndiyo nitoe mawaidha.

Alikuwapo kijana mmoja, simtaji jina. Alitoka kijijini baada ya baba yake kufariki, akaja hapa mjini pamoja na mama yake mgonjwa. Alikuwa anabeba watu kwa kinga ili apate chakula cha nyumbani. Kila Ijumaa alikaa kwenye nguzo ya tatu, upande wa dirisha. Siku moja alikuja amevaa jezi ya ekipe yake, mgongoni limeandikwa jina la mchezaji. Nilipomwona nilisema kwa sauti, wakati wa hotuba, kwamba kuna watu wanaingia nyumba ya Mwenyezi Mungu wakiwa wamebeba majina ya makafiri mgongoni. Watu waligeuka wakamtazama. Wengine walicheka. Aliswali, akaondoka. Ijumaa iliyofuata hakuja. Wala iliyofuata.

Ndugu zangu, ilipita miezi minne. Hakuna aliyeuliza. Mimi imamu sikuuliza. Jirani zake katika safu hawakuuliza. Nguzo ya tatu alikaa mtu mwingine.

Kisha mama yake akafariki, nami nikaitwa kuswalisha jenazi. Nilifika kwenye matanga nikakuta sanda imekwisha nunuliwa, kuna mfuko wa mchele, kuna mafuta, kuna sukari ya chai. Nikauliza: nani ametoa vitu hivi? Wakanijibu: watu wa ekipe yake. Kumbe usiku ule mama alipokata roho, kijana aliandika neno moja tu katika kundi lao, na kabla ya alfajiri walikuwa wamechanga. Huyu wa Lubumbashi alituma dola tano kwa telefoni, yule wa Kigoma alituma shilingi zake, mwingine wa Bukavu alituma faranga kidogo alizokuwa nazo. Wengine si Waislamu. Hakuna hata mmoja aliyepata kumwona uso.

Nilipotaka kumwombea marehemu nilimwita kijana pembeni nikamwuliza jina la mama yake. Wakati huohuo nikagundua kwamba hata jina lake mwenyewe silijui. Akaniambia bila hasira: «Sheikh, msikitini nilikaa mwaka mzima, hakuna aliyeniuliza naitwa nani. Kule kila asubuhi mtu ananiuliza, umeamkaje?»

Wallahi, maneno hayo yamenikaa kifuani mpaka leo.

Wapendwa, tumrudie Mtume wetu (s.a.w.) tuone yeye alifanyaje. Amesimulia Abu Hurayra (r.a.), katika Bukhari na Muslim, kwamba alikuwapo mwanamke mweusi aliyekuwa akifagia msikiti wa Madina, riwaya nyingine yasema alikuwa mwanamume. Akafa. Masahaba wakamzika bila kumwambia Mtume, kama vile waliona ni jambo dogo. Mtume (s.a.w.) akamkosa, akauliza yuko wapi. Walipomjibu kuwa amekufa, aliwalaumu kwa kutomjulisha, akataka aonyeshwe kaburi lake, akaenda kumswalia hapo. Angalia vizuri, ewe msomaji. Huyu ndiye mkuu wa umma, mwenye vita na wajumbe na wahyi, naye anajua kwamba mfagiaji hayupo. Sisi wenye safu saba tu hatukujua kwamba kijana wa nguzo ya tatu hayupo.

Basi usimshangae kijana aliyekwenda kutafuta joto mahali penye moto. Moyo wa mwanadamu unataka mambo matatu: mtu wa kukufariji, mtu wa kukuita rafiki, na jina la kusema «mimi ni wa hawa». Tukimnyima nyumbani na msikitini, atayapata kwingine, yakiwa safi au yakiwa na sumu.

Tena tusiseme kwamba kupenda mchezo ni haramu kwa asili yake. Siku ya Idi Wahabeshi walicheza na mikuki yao ndani ya msikiti wa Mtume, naye akamwacha Bibi Aisha (r.a.) asimame nyuma yake atazame mpaka alipochoka mwenyewe. Wala tusiseme kwamba mapenzi ya watu wasioonana ni uongo. Mtume (s.a.w.) alitamani kuwaona ndugu zake watakaokuja baadaye, wamwamini bila kumwona, ndio sisi, inshallah. Na Najashi, mfalme wa Uhabeshi, alipofariki huko mbali, Mtume alimswalia akiwa Madina. Umbali hauzuii undugu kama undugu ni wa kweli.

Hata uchungu wa kushindwa, masahaba waliuonja. Mtume (s.a.w.) alikuwa na ngamia jike aliyeitwa Adhbaa, ambaye hakupata kushindwa mbio. Akaja bedui mmoja na ngamia wake kijana, akamshinda. Anas (r.a.) anasimulia kwamba jambo hilo liliwauma Waislamu, mpaka Mtume alilitambua katika nyuso zao. Hakuwakemea. Aliwafundisha kwamba ni haki ya Mwenyezi Mungu, hakuna kitu cha dunia kinachoinuka ila atakishusha.

Sisi wa nchi hii tunalijua somo hilo. Mwaka 1974 ekipe yetu ya Zaire ilichukua kombe la Afrika, na mwaka uleule ikawa ya kwanza kutoka Afrika kusini ya Sahara kucheza Kombe la Dunia, kule Ujerumani ya Magharibi. Ikafungwa na Scotland mabao 2, na Yugoslavia mabao 9, na Brazili mabao 3, bila yenyewe kufunga hata moja. Mwaka 2010 TP Mazembe ya Lubumbashi iliishinda Internacional ya Brazili 2 kwa 0, ikawa ekipe ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya klabu za dunia, kule Abu Dhabi. Tukapiga vigelegele hata hapa Maniema. Katika fainali Inter ya Milan ikatufunga 3 kwa 0. Mwaka 2024 Maniema Union, ekipe ya mji wetu, iliingia katika makundi ya Ligi ya Mabingwa ya Afrika, tukanyanyua vichwa. Ndivyo dunia ilivyo: leo juu, kesho chini. Anayejenga jina lake lote juu ya kitu cha namna hiyo, siku kikishuka atashuka nacho.

Nawaambia haya, nikimwomba Mwenyezi Mungu anisamehe mimi na ninyi. Mwombeni msamaha, hakika yeye ni Mwingi wa kusamehe, Mwenye kurehemu.

HOTUBA YA PILI

Sifa njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wake.

Sasa nazungumza nawe, kijana. Umesikia mzee wako amekubali kosa lake. Nawe nisikilize kwa moyo uleule.

Kwanza, tazama unampenda nani. Katika hadithi ya Anas (r.a.), mtu mmoja alimwuliza Mtume (s.a.w.) Kiyama kitakuwa lini. Mtume akamwuliza amekiandalia nini. Akajibu kuwa hana swala nyingi wala saumu nyingi, ila anampenda Mwenyezi Mungu na Mtume wake. Akaambiwa kwamba atakuwa pamoja na wale anaowapenda. Anas anasema hawakupata kufurahi kwa jambo jingine, baada ya Uislamu, kama walivyofurahia neno hilo. Wewe unajua mchezaji wako alizaliwa lini, amefunga mabao mangapi, anavaa namba gani. Je, masahaba kumi waliobashiriwa Pepo, unaweza kuwataja? Sikwambii umsahau mchezaji. Nakwambia moyo una viti, na kiti cha mbele kina mwenyewe.

Pili, ulinzi wa ulimi. Ndani ya makundi haya watu wanatukaniana mama na kabila, wanaitana kwa majina mabaya kwa sababu ya bao moja. Suratul Hujurat, aya ya 11, imetukataza watu kuwadharau watu wengine na kubandikana majina ya kuudhi. Wakati wa safari moja ya vita, Muhajiri mmoja alimpiga Ansari kwa mguu. Huyu akapiga ukelele kuwaita Maansari, yule akawaita Muhajirina. Mtume (s.a.w.) akawaambia waache wito ule wa kijahiliya, kwa kuwa unanuka. Majina yenyewe, Ansari na Muhajiri, ni majina matukufu yaliyomo ndani ya Kurani. Yalinuka pale yalipogeuzwa kuwa fimbo. Ikiwa ni hivyo kwa majina hayo, jina la ekipe ni nini? Tukumbuke tarehe 11 Mei 2014, Kinshasa, katika uwanja wa Tata Raphaël, kwenye mechi ya Vita Club na TP Mazembe: fujo ilianza, moshi wa kutoa machozi ukapigwa, watu wakakanyagana, na watu 15 wakafa. Walitoka nyumbani kwenda kutazama mpira. Mama zao waliwangoja wale chakula cha jioni.

Tatu, kamari. Hapa ndipo sumu ilipo. Kundi linaanza kwa mapenzi ya mpira, kisha mmoja analeta tikiti ya kubeti, anasema ameshinda, na wewe ujaribu kwa faranga mia tano tu. Namjua baba mmoja kijana aliyeanza hivyo. Aliuza godoro, kisha akauza kinga iliyokuwa inamlisha, na mkewe akarudi kwao na watoto wawili. Suratul Maida, aya ya 90 na 91, imeifunga kamari pamoja na pombe katika kamba moja, na ikatueleza sababu: shetani anataka kutia uadui na chuki kati yetu, na kutuzuia na kumkumbuka Mwenyezi Mungu na swala. Rafiki anayekuvuta kwenye kamari, hata akikuita ndugu mara mia kwa siku, hajakupenda. Toka katika kundi hilo leo, kabla jua halijatua.

Nne, wakati. Mechi za Ulaya za katikati ya juma huanza hapa kwetu saa tatu au saa nne za usiku, zinamalizika karibu na saa sita. Baada ya hapo mabishano mpaka saa nane. Muadhini akiita saa kumi na moja, wewe uko katika usingizi wa maiti. Mtume (s.a.w.) alichukia kulala kabla ya Isha na mazungumzo ya bure baada yake. Salman (r.a.) alimfundisha ndugu yake Abu Dardaa (r.a.) kwamba Mola wako ana haki juu yako, nafsi yako ina haki, na watu wa nyumba yako wana haki, basi kila mwenye haki mpe haki yake, na Mtume akasema Salman amesema kweli. Abu Dardaa alizidisha ibada akawasahau wa nyumbani, akakemewa. Itakuwaje kwa anayezidisha mpira? Mama yako anaketi chumba cha pili, anakohoa, na wewe unamwuliza mtu wa Nairobi ameamkaje.

Tano, ujue unazungumza na nani. Dada zetu nao wana makundi yao, ya wapenzi wa filamu za mfululizo za Uturuki na ya waimbaji. Humo wanafarijiana, wanaambiana siri za ndoa na za wazazi. Binti yangu, nyuma ya picha ya msichana anaweza kukaa mwanamume mwenye nia mbaya. Usitume picha yako. Usimpe mtu usiyemjua jina la avenue yenu. Akikuambia njoo tuonane, mwambie kwanza mama yako. Na kijana ukiombwa makuta kwa ajili ya ugonjwa au msiba, uliza watu wawili wanaomjua kabla ya kutuma. Sadaka ni ibada, na ibada inataka akili.

Sita, uwe mwenyewe humo ndani. Suratul Hajj, aya ya mwisho, inatuambia kwamba Mwenyezi Mungu ndiye aliyetuita Waislamu, kabla ya hapo na katika Kurani hii. Jina hilo ulipewa kabla ya ekipe yako haijaundwa. Usilifiche kwa sababu ya marafiki. Wakati wa swala ukifika, andika tu: naenda kuswali, nitarudi. Wasio Waislamu wataona adabu ya Kiislamu kwako kuliko katika hotuba zangu mia. Mwenzako wa mbali akifiwa, mwandikie neno jema. Kisha mwombee dua kwa siri. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba anayemwombea ndugu yake Muislamu asiyekuwapo, malaika anaitikia na kumtakia yeye mfano wake. Na asiye Muislamu mwombee uongofu na salama.

Jua pia kwamba Suratuz Zukhruf, aya ya 67, imesema marafiki Siku hiyo watakuwa maadui wao kwa wao, isipokuwa wachamungu. Basi chagua urafiki utakaofika mpaka huko.

Na sasa nageukia sisi wazee na kamati ya msikiti. Mambo manne tumepatana, na naomba tusaidiane kuyatimiza.

Kutafunguliwa daftari, na kila kijana anayeswali hapa ataandikwa jina lake, avenue yake na jina la wazazi wake. Anayekosekana Ijumaa mbili, watu wawili watakwenda kwake. Si kumkemea, ni kumjulia hali.

Baada ya swala ya Ijumaa hatutatawanyika mara moja. Kila mtu amsalimu mmoja asiyemjua, amwulize jina.

Jumamosi alasiri uwanja wa madrasa utakuwa wazi kwa mpira, mpaka adhana ya Magharibi. Mpira utanunuliwa na kamati. Watoto wa jirani wasio Waislamu wakaribishwe.

Na mtu akija na nguo yenye alama isiyofaa kuswalia, kama msalaba ulioko katika nembo za ekipe nyingine, asisemwe juu ya mimbari. Aitwe pembeni kwa upole, apewe kanzu ya msikiti aazime. Hili nimejiwekea mimi mwenyewe kwanza.

Ndugu zangu, kijana yule nilimwomba msamaha palepale kwenye matanga. Alinishika mkono akasema yamekwisha. Lakini mpaka Ijumaa iliyopita sijamwona msikitini. Nimekwenda kwake mara mbili, sikumkuta. Kama karatasi hii itakufikia mkononi, mwanangu, ujue kwamba jina lako sasa nalijua, na jina la mama yako nalitaja katika dua kila baada ya Alfajiri. Nguzo ya tatu bado ipo. Njoo na jezi yako ukitaka. Kanzu utaikuta hapa. Na wale ndugu zako wa mbali walionunua sanda, wafikishie salamu zetu. Waambie msikiti wa Kindu unawashukuru, na unaona haya.

Ewe Mola wetu, utusamehe tuliowavunja moyo waja wako kwa jina lako. Uwarudishe vijana wetu katika safu. Uwalinde na kamari, na matusi, na watu wabaya. Waliofarijika utie baraka katika faraja yao, na wapweke wapatie ndugu wa kweli. Uirehemu nchi yetu Kongo, uwape amani watu wa mashariki, uwarudishe wakimbizi majumbani mwao. Wasamehe wazazi wetu waliotutangulia. Amin.

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, simameni mswali, Mwenyezi Mungu awarehemu.

(Karatasi hii ina majina matukufu. Usiitupe chini wala usifungie karanga.)